Visahani Mezani kwa Mama Sidra

Guagua, Pampanga
24 Septemba 1984

Elmo wangu,

Nakutumia salamu nyingi kuliko punje za mchele walizotumwagia mlangoni mwa kanisa, na unajua zilikuwa nyingi, maana nilikuwa bado nazitoa kwenye nywele hadi juzi. Moja nimeihifadhi ndani ya kitabu cha sala. Usinicheke.

Nimeolewa siku kumi na sita! Kumi na mbili nilikuwa nawe, nne nimekuwa na shati lako la bluu. Kila nikipita mbele ya kioo namwambia yule wa ndani, "Hujambo, Bibi Macaspac?" Naye anajibu kwa kicheko. Nakupenda mpaka naona haya.

Sasa kaa chini, maana mkeo ameharibu mambo mawili ndani ya siku nne.

La kwanza. Asubuhi uliyopanda basi, nilitaka kumfurahisha Mama. Nikafuta meza zote sita za mgahawa, na kila meza nikaiwekea visahani vitatu: cha siki, cha patis, yaani yale maji ya chumvi ya samaki, na cha vindimu vilivyokatwa. Kwetu Pavia meza bila visahani ni kama haijavaa nguo. Kila mtu hujichanganyia anavyopenda, hata padre. Na kwenye meza ya katikati nikasimamisha ile chupa ya siki ya pilipili aliyonifungia mama yangu ndani ya taulo. Mama yako akatoka jikoni na sufuria mkononi. Akasimama. Akatazama kisahani kimoja kimoja, kisha akavizoa vyote kwenye sinia, vikagongana kama kengele.

"Nani kakwambia chakula changu kina upungufu?"

"Hapana, Mama, nilitaka tu kupamba meza."

"Mapambo peleka kanisani."

Na wateja walikuwepo! Mzee Huling, yule anayekula hapa tangu hujazaliwa, alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea patis. Mkono ukabaki hewani, maskini.

La pili ni baya zaidi. Juzi nikifagia nyuma ya mlango wa jikoni nikakuta gudulia. Nikafunua. Ndani mna wali, Elmo! Wali mkuukuu, umechanganyika na uduvi, harufu yake inatoa machozi. Nikasema, masikini Mama, kazi nyingi, amesahau wali wa wiki nzima. Nikaumwaga kwa nguruwe wa jirani yetu Bi Tasing, nikalisugua gudulia kwa majivu hadi likang'aa. Hata yule nguruwe, ambaye nilimwona kwa macho yangu akila ndala, aliunusa mara moja akageuza mgongo.

Kumbe ndiyo buru! Mama alipiga kelele hadi kuku wakatoka nje. "Naulea huo wali wiki nzima, wewe unaumwaga kama maji ya miguu! Mwizi wa wali wee!"

Na jana, akikwangua papai bichi la achari, bila kuniangalia akasema, "Sikukuu ya mji ikipita, tarehe nane Desemba, nafunga mgahawa. Mimi nakwenda Manila kwa ndugu yangu Rosing. Wewe utarudi kwa mama yako Pavia mpaka mumeo apate uhamisho."

Elmo, sirudi Pavia. Uliniambia chumba cha juu, chenye dirisha linalotazama meza za mgahawa, ndimo tutakamoanzia maisha. Nimeshatundika pazia. Mwanamke aliyetundika pazia haondoki.

Tena nataka kujifunza kwa Mama, maana ni fundi wa ajabu. Haonji! Hata mara moja. Anachota chumvi kwa vidole vitatu, anahesabu kwa sauti ndogo, anamwaga, anafunika. Mama yangu mimi huonja mpaka anashiba kabla hatujakaa mezani. Nami ipo siku nitapika bila kuonja, utaona.

Shati lako halinuki tena wewe. Linanuka vitunguu. Bado nalipenda.

Wako, wako, wako,
Doray Macaspac
(jina hili naliandika kila mahali, hata kwenye vumbi la dirisha)


Basco, Batanes
6 Oktoba 1984

Mke wangu Doray,

Ndege ya barua ilikawia siku tano kwa ajili ya dhoruba niliyoitangaza mimi mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu. Barua yako niliisoma hapa kwenye kituo cha hali ya hewa mbele ya wenzangu. Kosa kubwa. Nilipofika kwenye buru nilicheka mpaka mkuu wa kituo akatoka kuangalia kama kipima upepo kimeanguka.

Buru si wali ulioharibika, mpenzi. Ni wali ulioharibiwa kwa makusudi na kwa adabu. Unapozwa, unachanganywa na uduvi na chumvi, unashindiliwa kwenye gudulia hadi uchache. Baada ya wiki unakaangwa na vitunguu saumu na nyanya, ukaliwa kidogo kidogo kando ya kambare, na biringanya la kuchemsha, na majani ya haradali. Sisi watu wa Guagua tukikosa nyama tunavumilia. Tukikosa buru tunanuna.

Kuhusu visahani. Kwenu kisahani kinasema karibu. Kwa Mama, kila chakula kina mwenzake, naye ndiye anayewaoza: kambare na buru, nyama ya kuchoma na achari, mayai ya chumvi na nyanya. Ukiweka siki na patis mbele ya kila kitu, umemwambia mpishi kwamba hajamaliza kazi yake. Mimi ndiye niliyepaswa kukueleza mapema, lakini siku zile kumi na mbili nilikuwa na mambo mengine ya kukueleza.

Ila kuna mambo mawili sijayaelewa. Nguruwe wa Bi Tasing aligeuza mgongo? Una hakika? Yule nguruwe, na mama yake kabla yake, wamevunja uzio mara tatu wakiitafuta buru ya Mama. Na la pili, unasema haonji. Doray, mama yangu alikuwa akionja hata maji ya kuoshea mchele. Nimemwandikia kwa ndege hii hii.

Usirudi Pavia. Ombi langu la uhamisho liko Manila, chini ya maombi ya watu wengine. Pazia ni la rangi gani?

Mumeo,
Elmo


Guagua
17 Oktoba 1984

Anselmo,

Unauliza nguruwe alikataa nini na mama yako anaonja nini. Jibu ni moja.

Ile homa ya Julai niliyokwambia ni ya siku tatu ilikuwa ya siku kumi na moja. Ilipoondoka iliondoka na pua yangu na ulimi wangu. Chumvi, sukari, sabuni, kwangu vyote ni mamoja. Chakula cha kumpokea mkeo, kile mlichokisifu mpaka mkalamba vidole, alikikoleza Rosing. Nilimwapisha asiseme.

Chumvi naipima kwa vidole. Lakini vidole havijui kama uduvi wa leo umetoka na chumvi yake, wala kama nyanya ni chachu. Wateja ni watu wazuri, hawasemi. Wameanza tu kuomba patis. Alianza Huling, wakafuata wote. Mtu akiomba patis kwenye mgahawa wangu najua anachoniambia. Halafu mkeo, asubuhi yake ya kwanza ya kazi, anaweka patis kwenye meza zote sita. Nilidhani amenigundua, na ananitangaza mbele ya watu.

Lile gudulia. Nilipomaliza kumfokea nilikwenda kwenye uzio kutazama. Wali ulikuwa na weusi pembeni. Nyuma ya mlango hakuna mwanga, na zamani pua ndiyo iliyokuwa ikinipa habari. Jumapili ningewalisha watu ule uchafu. Mkeo aliniokoa, mimi nikamwita mwizi wa wali. Sijui jinsi ya kumwomba radhi bila kumweleza sababu, kwa hiyo sijamwomba.

Nitafunga baada ya sikukuu, wakati jina langu bado ni zuri. Usimwambie. Nakuapisha mbele ya picha ya baba yako, na picha hiyo inakutazama hata huko Batanes.

Ni msichana mwema. Anaimba akiosha vyombo. Anaimba vibaya.

Mama yako,
Isidra


Guagua
29 Oktoba 1984

Elmo wangu, mtangaza dhoruba wangu,

Pazia ni la manjano! La manjano kama embe la kwetu, na jua likipita ndani yake chumba kizima kinaonekana kama kinacheka. Nakusubiri humo.

Nimefanya kazi. Nilipopata barua yako nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Tasing, nikamwambia, "Bibi, nifundishe buru." Akanitazama kuanzia ndala hadi kichwani. "Wewe? Wewe uliyemwaga ya Sidra?" "Ndiyo mimi." "Basi ingia, kabla jirani hawajaniona nawe."

Elmo, yule bibi ana mdomo! "We mtoto wa Pavia, unashindilia wali au unajenga barabara? Taratibu! Wali una mifupa?" Gudulia la kwanza nililimwaga. La pili pia. La tatu, siku ya saba, nikafunua mfuniko, harufu ikapanda, kali, chachu, lakini safi, kama siki iliyopita karibu na bahari. Nilikuwa sijamaliza kulifunika, nikasikia ubao unapasuka. Nguruwe kavunja uzio! Nilikumbatiana na Bi Tasing katikati ya tope, yeye akimtukana nguruwe, mimi nikilia kwa furaha.

Sasa nikwambie jambo lililonitokea jana, na hapa siandiki kwa kucheka.

Mama aliniachia nikamilishe achari. Papai nililikwangua mwenyewe, karoti, tangawizi, pilipili hoho, kila kitu kizuri. Lakini nilikuwa nakuwaza wewe, nikachota kwenye mkebe mwingine. Badala ya sukari nikatia chumvi, vikombe vitatu. Sikujua. Nikampelekea Mama kijiko. Akatafuna taratibu, akameza, akasema, "Sukari imezidi kidogo."

Nikafurahi! Nikaonja na mimi. Elmo, ilikuwa bahari. Nilitema ndani ya aproni. Na nilipoinua macho niliona Mama hakuwa anakitazama kijiko. Alikuwa ananitazama usoni, kama mwanafunzi anayechungulia jibu kwa mwenzake.

Nilisema, "Kweli, Mama, imezidi, nitapunguza." Nikaenda kuimwaga.

Tangu jana sijaimba. Zile chumvi za kuhesabu kwa vidole. Yule nguruwe. Mzee Huling na patis yake. Mimi niliyesema ni fundi kwa sababu haonji! Elmo, wewe unajua kitu? Amekwambia? Niambie. Zimebaki wiki sita hadi sikukuu, na siwezi kushindana na jambo nisilolijua jina.

Doray wako


Basco
9 Novemba 1984

Mke wangu,

Kuna swali umeniuliza ambalo siwezi kulijibu, kwa sababu niliapishwa. Kwa hiyo nitakupa hali ya hewa, ndiyo kazi ninayolipwa. Mawingu: hakuna. Mvua: hakuna. Umbali wa kuona kutoka pale uliposimama: mzuri kabisa, hadi mwisho. Soma tena hiyo ya mwisho.

Na nitakupa hadithi, kwa sababu hadithi sikuapishwa nisiseme. Nilipokuwa na miaka saba niliugua surua. Sikula siku tatu. Mama hakunibembeleza. Aliniletea wali mtupu, akauzungushia sahani ndogo saba, kila moja na kitu chake. Akasema, "Ulimi wako umelala, sawa. Macho yako yanaumwa? Meno yako? Vidole?" Basi nikala kwa macho kwanza. Wekundu wa maganda ya mayai ya chumvi, yaliyotiwa rangi. Kisha kwa meno, achari ikivunjika kru kru kru, naye ameinamisha sikio kusikiliza kama imevunjika sawasawa. Nilimaliza wali wote bila kuonja kitu. Ulimi uliamka wenyewe baada ya siku mbili.

Mtu aliyejua kunilisha hivyo bado anajua mambo mengi.

Sitafika sikukuu. Ndege moja kwa wiki, na mimi wa mwisho kwenye orodha. Nalala nikiwaza rangi ya manjano.

Elmo


Guagua
21 Novemba 1984

Mpenzi wangu,

Umbali wa kuona! Nimeibusu barua mpaka wino ukanihamia kwenye mdomo, Bi Tasing akauliza kama nimekula duhat, zile zambarau.

Nimesema naye. Siwezi kukaa na mtu nyumba moja huku kila mmoja anamwogopa mwenzake juu ya kijiko. Jumatatu mgahawa ulikuwa umefungwa, Mama anachambua mchele. Nikakaa sakafuni mbele yake.

"Mama, nifundishe ladha ya hapa. Wewe utakuwa macho na mikono, mimi nitakuwa ulimi."

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. "Nani kakwambia? Anselmo?"

"Hapana, Mama."

"Tasing?"

"Hapana. Nguruwe."

Nilidhani atanipiga na ungo. Halafu bega lake moja likatikisika, na la pili, akacheka, Elmo, akacheka hadi akaketi juu ya gunia na mchele ukamwagika wote. Kisha kicheko kikageuka kilio. Nikamshika miguu. Aliniambia kila kitu, homa, Rosing, weusi kwenye gudulia. Akasema, "Siku ile ulinisaidia nami nikakutukana. Nimebeba neno hilo kama jiwe kwenye kiatu." Basi tumeombana radhi, mimi kwa visahani, yeye kwa mwizi wa wali.

Lakini usidhani amelainika! Alipojifuta macho alisema, "Bado nafunga. Wewe ulimi wako ni wa siki. Watu wangu watajua kwa tonge la kwanza."

"Basi waseme wao."

"Nani?"

"Mzee Huling. Miezi yote hii anatia patis kila kitu. Siku ya sikukuu akitia patis, ninafunga mizigo mwenyewe, narudi Pavia. Asipotia, hufungi, na mimi nabaki."

Akaanza kuuzoa mchele uliomwagika. "Una kichwa kigumu."

"Nimeolewa na mwanao."

"Hilo nalo kweli."

Tangu hapo tunafanya kazi kama watu wawili ndani ya gauni moja. Papai analibana kwa vidole, anajua kama limekamuka. Buru anaitoa kwenye jua, anaiangalia rangi. Achari ananiamuru nitafune karibu na sikio lake. Na ladha ananieleza kwa maneno, kutoka kichwani, huku amefumba macho. Nilimuuliza buru yake ilikuwa inafanya nini mdomoni. Akasema, "Uchachu unaingia kwanza, na kelele. Chumvi inakuja nyuma, polepole, kama mtu aliyechelewa misa." Nikaonja, nikasema, "Mama, huyu chumvi wangu amewahi misa, amekaa kiti cha mbele." "Basi punguza, mjinga wee!"

Leo ni gudulia la tano. Usiku naota wali. Zimebaki siku kumi na saba. Sirudi Pavia, Elmo. Nimesema na pazia nalo limekubali.

Doray wako, ulimi wa Mama


Guagua
9 Desemba 1984

Anselmo,

Mkeo amelala mezani, kichwa juu ya mkono, kwa hiyo naandika mimi.

Jana tulikuwa na watu hadi barabarani. Nilipika kambare na kuku. Vilivyobaki kandokando, buru, achari, biringanya, mayai ya chumvi na nyanya, vyote vimepita kwenye ulimi wa mkeo. Mimi sikuweka chumvi hata kidole kimoja bila yeye kuniambia.

Nilimkalisha Huling meza ya katikati. Na kisahani cha patis nikamwekea mimi mwenyewe, mbele yake kabisa. Mkeo akawa mweupe kama wali. Akaninong'oneza, "Mama, kwa nini?" Nikamwambia jaribio lisilo na patis mezani si jaribio.

Huling akala tonge moja la kambare. Akatafuna. Akanyoosha mkono kwenye patis. Mkeo alinishika nyuma ya gauni mpaka kifungo kikakatika, nimekishona leo. Huling akakishika kisahani, akakisogeza pembeni, kwa sababu kilikuwa kinamzuia kuifikia buru.

Alikula bakuli zima. Kisha akaniita. "Sidra, umepona?"

"Nilikuwa naumwa nini?"

"Mimi sijui. Ila tangu Julai nilikuwa nakuja hapa kukuangalia, si kula."

Miezi yote nilidhani wananisema. Walikuwa wananingoja nipone. Nikamwambia mbele ya watu, kwa sauti, ili nisirudie: homa imechukua ulimi wangu, nimeazima wa mkwe wangu. Tasing akapiga makofi. Hata nguruwe nadhani alisikia.

Watu walipoondoka tulikaa kula mabaki, mkeo na mimi. Aliitoa ile chupa ya siki ya pilipili ya mama yake, akajimiminia kwenye kisahani. Miezi mitatu nilikuwa naificha juu ya kabati, nayo inarudi. Sijui kwa nini nilichovya biringanya humo. Labda uchovu. Nikatia mdomoni.

Anselmo, ile pilipili iliniuma. Ulimini, kooni, hadi masikioni. Si ladha, ladha bado sina. Lakini kitu kilikuwepo mdomoni na nikakijua. Tangu Julai naweka chakula mdomoni na hakuna anayefungua mlango. Jana mtu alifungua. Nilichovya tena, na tena. Mkeo alidhani ninalia kwa huzuni, akaanza kunipepea na mfuniko.

Leo asubuhi nimepanga visahani sita mwenyewe, kimoja kila meza. Vya siki hiyo tu. Patis wataomba wakitaka.

Sifungi. Rosing nimeshamwandikia. Mwandikie na wewe mama mkwe wako Pavia, wewe una maneno mazuri kuliko mimi. Mwambie binti yake harudi. Mwambie chupa imekwisha, alete nyingine, na aje nayo mwenyewe, tukae naye mezani.

Mkeo ameamka. Anaimba.

Mama yako,
Isidra